Pacha wa Marehemu: Jicho Linalokubali Kudanganywa

Mwaka 1984 watazamaji wa BBC nchini Uingereza walimwona mwenye mkahawa akisimamishwa mbele ya kikosi cha wanajeshi wa Kijerumani, akapigwa risasi, akaanguka, akatangazwa kuwa amekufa, kisha akarudi kwake na kujitambulisha kuwa ni pacha wa marehemu. Mkahawa wenyewe ni Café René. Mji ni Nouvion, katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu huyo ni René Artois, aliyeigizwa na Gorden Kaye katika mfululizo wa vichekesho uitwao 'Allo 'Allo! Pacha hakuwahi kuwepo. Sura ni ileile, sauti ni ileile, aproni nyeupe ni ileile, na kana kwamba hayo hayatoshi, jina nalo ni lilelile: pacha naye anaitwa René. Hakubadilisha chochote, akapokelewa kuwa ni mtu mwingine. Leo nataka tukae na jambo hilo kwa makini, kwa sababu naamini waandishi wa kichekesho kile waliona ukweli ambao vitabu vizito vya ujasusi mara nyingi huupita: vazi la kujigeuza humaliziwa kushonwa na macho ya anayetazama. Mvaaji huleta kitambaa tu, na pengine kitambaa chenyewe ni kibovu. Mtazamaji ndiye anayekata, anayeshona na anayepiga pasi, kwa sababu ana haja yake mwenyewe ya kuona anachokiona.

'Allo 'Allo! ilitungwa na David Croft na Jeremy Lloyd. Kipindi cha majaribio kilirushwa tarehe 30 Desemba 1982, na mfululizo wenyewe ukaendelea tangu 1984 hadi 1992, vipindi 85 kwa jumla. Ulizaliwa kama mzaha juu ya tamthilia nzito ya BBC iliyoitwa Secret Army, ya miaka ya 1977 hadi 1979, iliyohusu mkahawa mmoja wa Brussels ambao kwa siri ulikuwa kituo cha kuwatorosha marubani wa Uingereza na washirika wake walioangushwa pamoja na ndege zao. Kabla yake Wamarekani walikuwa wamekwisha kucheka na ujasusi katika Get Smart, iliyoanza mwaka 1965, ambamo Maxwell Smart anazungumza na wakubwa zake kwa simu iliyofichwa ndani ya kiatu. Lakini kicheko cha Get Smart huangukia zaidi kwenye chombo na kwenye jasusi anayekitumia vibaya. Croft na Lloyd walikigeuza kicheko kikamwelekea yule anayedanganywa, na hapo ndipo kazi yao inapostahili mhadhara.

Tumrudie marehemu. René anakabiliwa na kifo kwa tuhuma za hujuma. Kanali von Strohm na Kapteni Geering, maofisa wa jeshi linalomhukumu, wanapanga apigwe risasi bandia. Huruma haihusiki. Maofisa hao wamejitwalia mali za sanaa, mojawapo ikiwa mchoro wa mwanamke unaotafutwa na kila mtu katika mfululizo mzima, na mwenye mkahawa ndiye mfichaji wao. Akifa kweli, mali imepotea. Akibaki hai kwa jina lake, wao wenyewe watafikishwa mahakamani. Kwa hiyo anahitajika mtu aliyekufa kwenye karatasi na aliye hai jikoni. Pacha ndiye jawabu la hesabu hiyo, na jawabu hilo linawafaa wengi mno kiasi kwamba hakuna anayeona faida ya kulikagua. Kanali anapata mfichaji wake. Wapiganaji wa siri wanaoongozwa na Michelle wanapata nyumba yao ya kujificha. Wahudumu wa mkahawa wanabaki na ajira, na mmoja wao, Yvette, anabaki na mpenzi wake, René. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Hapa chongo linaitwa kengeza na mji mzima, kila mtu kwa pendo lake.

Mtu pekee anayepata hasara ni yule aliyelivaa vazi. René akiwa marehemu, mkahawa ni wa mjane wake, Edith. Mume amekuwa shemeji, na shemeji huyo sasa ni mfanyakazi katika nyumba aliyokuwa akiitawala jana. Ili airudishe mali yake hana budi kumposa upya mke wake mwenyewe, naye Edith ana mposaji mwingine, Bwana Alphonse, mzika watu wa mji, ambaye ana kila sababu ya kuheshimu cheti cha kifo. Naona hapa pana utunzi wa hali ya juu kuliko wengi wanavyoukubalia mfululizo huu. Tumezoea hadithi ambamo mjanja anajivika sura ya mtu mwingine ili aibe nafasi yake: mtumishi anajifanya bwana, mwizi anajifanya mwana wa mfalme. René anajivika sura yake mwenyewe na kuibiwa nafasi yake mwenyewe. Uongo, ukishakubaliwa na wengi, hauendeshwi tena na aliyeuanzisha. Una wadau, na wadau hao hawatamruhusu aufute kwa sababu tu umeanza kumchoma.

Sasa tazameni wahusika wawili waliowekwa pembeni yake, nao ni ushahidi wangu wa pili. Wa kwanza ni Bwana Leclerc, mzee mghushi wa hati, mpenzi wa zamani wa Fanny, mama mkwe wa René. Leclerc huingia mkahawani kila mara katika vazi jipya, leo mchuuzi, kesho mtu wa dini, kisha huinua miwani na kumnong'oneza René kuwa ni yeye, Leclerc. René hahitaji kuambiwa. Amemtambua tangu mlangoni, nasi tumemtambua pia. Mzee huyu ni mtaalamu wa kujigeuza ambaye hajawahi kumpoteza rafiki hata mmoja. Wa pili ni Crabtree, jasusi wa Uingereza aliyeingizwa katika msimu wa pili, mwaka 1985, akiwa katika sare za polisi wa Kifaransa. Anadai anakijua Kifaransa, lakini kila irabu inayotoka kinywani mwake imekaa mahali pasipo pake, na salamu yake ya asubuhi inasikika kama mlio wa mtu anayeugulia maumivu. Wafaransa wanaomsikia wanaumwa masikio. Hata hivyo Crabtree anatembea mjini miaka yote ya vita bila kukamatwa. Wawekeni wawili hawa bega kwa bega. Vazi zuri la Leclerc halifichi kitu mbele ya watu wasio na haja ya kudanganywa. Vazi la Crabtree, lenye tundu kubwa mahali pa ulimi, linatosha mbele ya wakaliaji, ambao mbele ya sare huona sare na kuishia hapo.

Ugumu wa mhusika Crabtree unaonekana mtu akijaribu kumleta kwa Kiswahili. Lugha yetu ina irabu tano tu, zilizo wazi, na kila moja inafanya kazi: baba, bibi na bubu hutofautiana kwa irabu peke yake. Polisi wa namna hiyo angetaka kumtuliza mwenye nyumba kwa kumwambia amemleta kaka yake, naye akatangaza amemleta kuku. Mswahili angecheka, lakini pia angeshtuka, kwa maana tunajua toka zamani kwamba ulimi ndio mlinzi wa mwisho wa lango. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka sura ya 12 ya Waamuzi, ambapo watu wa Gileadi waliwatambua Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa neno moja, Shibolethi, na kitabu kinasema 42,000 waliuawa siku zile. Ulimi wa Crabtree unashindwa mtihani huo kila siku, saa zote, naye anapita, kwa sababu kwenye kivuko cha Nouvion hakuna mlinzi anayesikiliza.

Na hapa lazima niwageukie watazamaji wenyewe, kwa sababu nao wamo ndani ya shauri hili. Katika 'Allo 'Allo! hakuna Kifaransa. Waigizaji ni Waingereza wanaozungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa, na tumekubaliana kwamba hicho ndicho Kifaransa. Wajerumani wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, na hicho ndicho Kijerumani. Marubani wawili wa Uingereza waliofichwa mkahawani wanazungumza Kiingereza cha mabwana wakubwa, na Wafaransa wanaowahifadhi hawaelewi hata neno, ingawa sote sebuleni tunaelewa yote. Michelle akitaka kuwatafsiria, hubadilisha lafudhi tu, basi amebadilisha lugha. Richard Marner, aliyemwigiza Kanali, alizaliwa Urusi. Kwa hiyo mzaliwa wa Urusi anajifanya Mjerumani kwa kuzungumza Kiingereza, na mtazamaji anamwona Mjerumani bila taabu. Ni nani aliyetudanganya? Hakuna. Tulitaka hadithi iende, tukafumba jicho moja. Waandishi wametuweka kwenye kiti cha Kanali bila kutuuliza.

Afrika Mashariki inaijua kazi hii ya lafudhi kwa ukaribu. Benson Wanjau wa Kenya, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi katika kichekesho cha televisheni Vitimbi alikuwa Mzee Ojwang, mzee wa Kijaluo, na Kiswahili chake kilibeba uzito wa Kijaluo kwa namna iliyowafanya watazamaji wengi waamini hiyo ndiyo asili yake. Wanjau alikuwa na kipaji kikubwa, wala siwezi kukipunguza. Ninachosema ni kwamba kipaji hicho kilikutana na masikio yaliyokwisha kuzoea kumjua mtu kwa lafudhi, na masikio hayo yalipopewa sauti, yakamalizia yenyewe ukoo, kijiji na jina la babu.

Najua pingamizi la kwanza. Itasemwa: hiki ni kichekesho, Wajerumani wake wamefanywa wajinga ili mambo yaende, na anayejenga nadharia juu ya ujinga wa kutungwa anajenga juu ya mchanga. Najibu kwanza kwamba ujinga wa Nouvion haukugawanywa ovyo. Kanali si mjinga juu ya pacha. Anajua kila kitu na ananyamaza. Herr Flick wa Gestapo, asiyefaidika na uhai wa René, ndiye anayenusa na kushuku. Kila mmoja ni kipofu pale tu ambapo kuona kungemgharimu. Pili, historia ya vita hivyo inatoa mfano ambao mwandishi wa vichekesho angeogopa kuubuni. Machi 1942, huko The Hague, Wajerumani walimkamata Hubertus Lauwers, Mholanzi aliyekuwa mwendesha mtambo wa redio wa idara ya siri ya Uingereza iliyoitwa SOE. Walimlazimisha aendelee kutuma ujumbe London. Lauwers alikuwa amefundishwa kuingiza katika kila ujumbe alama ya usalama, kosa dogo la makusudi, ili ikikosekana wakubwa wake wajue amekamatwa. Aliiacha, naye alingoja waelewe. London ilipokea ujumbe usio na alama, ikaendelea kumwamini, ikatuma majasusi zaidi kwa miavuli, nao wakashukia mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wakiwangoja uwanjani. Zaidi ya majasusi 50 walikamatwa kwa njia hiyo, na wengi wao waliuawa katika kambi ya Mauthausen. Kanali wa upelelezi wa Kijerumani aliyeuendesha mchezo huo, Hermann Giskes, aliufunga tarehe 1 Aprili 1944 kwa ujumbe wa kuwaaga Waingereza.

Maofisa wa London hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejenga mtandao Uholanzi, wameutetea mbele ya wakubwa, wameupa watu na silaha. Kila ujumbe uliofika ulikuwa ushahidi kwamba kazi yao inazaa matunda. Alama iliyokosekana ilikuwa tundu kubwa kama ulimi wa Crabtree, nao wakalisoma kama uzembe wa mwendesha mtambo aliyechoka. Giskes alileta kitambaa. London ilishona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna majasusi waliofaulu kwa ustadi wao wenyewe, na kusema kwamba mtazamaji ndiye anayemaliza vazi ni kuwanyang'anya heshima yao. Mfano bora ni Virginia Hall, Mmarekani aliyepoteza sehemu ya mguu katika ajali ya kuwinda nchini Uturuki, akatembea kwa mguu wa bandia, akafanya kazi ya siri Ufaransa na kuwa miongoni mwa watu waliotafutwa sana na Wajerumani. Mwaka 1944 alirudi Ufaransa akiwa amegeuzwa bibi kizee wa shamba: nywele zimetiwa mvi, sketi pana zimeufunika mwili, mwendo ni wa kuburuta miguu ili kuchechemea kwake kusionekane. Ustadi huo naustahi bila kusita. Lakini ulizeni ustadi wenyewe ulikuwa nini. Hall alijua kwamba askari wa kituo cha ukaguzi anamwangalia kijana, anaangalia mwanamke mrembo, anaangalia mwenye mzigo mzito, na kwamba bibi kizee mwenye ndoo humpita bila kumtazama. Aliichagua sura ambayo jicho la askari lilikuwa limeamua siku nyingi kutoitazama. Kumsifu Hall ni kumsifu kwa kuwasoma watazamaji wake, na mtu asiyejua hilo anaweza kujipaka rangi mchana kutwa akatoka Leclerc.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi, na sitalipita haraka. Secret Army ilisimama juu ya watu halisi, hasa wa njia ya siri iliyoitwa Comète, iliyoanzishwa Brussels mwaka 1941. Watu hao walikufa. Je, kucheka na mkahawa, marubani wa darini na polisi asiyejua Kifaransa si kuwakanyaga? Tena, tukisema anayedanganywa ana sehemu katika udanganyifu, hatuwalaumu wahanga? Novemba 1942 Wajerumani wawili waliojifanya marubani wa Kimarekani walipokelewa katika nyumba ya familia ya Maréchal mjini Brussels, iliyokuwa ikiwahifadhi watoro. Familia ikakamatwa, na watu wengi wa Comète wakakamatwa baada yao. Nyumba ile ilikuwepo kwa ajili hasa ya kumfungulia mgeni aliyeanguka kutoka angani. Haja iliyowamalizia walaghai hao vazi lao ilikuwa haja ya kuokoa, na siwezi kuipima kwenye mizani moja na ulafi wa Kanali au fahari ya ofisi za London. Lawama yote ni ya waliobisha hodi. Lakini kueleza kwa nini mlango ulifunguka si kumlaumu mwenye mlango, na tusipoeleza tutabaki tukidhani kwamba wanaodanganywa ni wazembe na sisi tu salama. Kuhusu kicheko, Croft na Lloyd hawakuwacheka waliokufa. Waliicheka namna televisheni ilivyowageuza kuwa watu wasiojikwaa kamwe, na mimi naona mwenye mkahawa anayetetemeka na bado anawaficha marubani darini yuko karibu na ukweli wa wengi wa zama zile kuliko shujaa wa uso wa jiwe.

Kama nadharia yangu ni ya kweli, basi lazima iwe kweli kwa upande wa pili pia: mtu asiyevaa vazi lolote, anayesema ukweli mtupu, naye atakataliwa pale jicho lisipomhitaji. Ushahidi upo, na unatoka katika Comète yenyewe. Mwanzilishi wake aliitwa Andrée de Jongh. Agosti 1941, akiwa na miaka 24, aliingia katika ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Bilbao akiwa na askari mmoja wa Uingereza na Wabelgiji wawili, baada ya kuivuka milima ya Pyrenees kwa miguu, akaomba msaada wa fedha ili alete wengine. Wapo Waingereza waliomshuku kuwa ametumwa na Wajerumani; ilikuwa vigumu kwao kukubali kwamba msichana mwembamba amefanya safari hiyo. Aliaminiwa baadaye, na kwa mkono wake mwenyewe akawavusha watu zaidi ya 100. Januari 1943 alikamatwa. Katika mahojiano alikiri kwamba yeye ndiye aliyeiunda njia ile na kuiongoza. Gestapo hawakumwamini. Walikuwa wakimtafuta mkuu wa mtandao, na mkuu wa mtandao katika macho yao hakuwa na sura ile. Walimpeleka kambi za Ravensbrück na Mauthausen badala ya kumwua. Aliokoka, akasomea uuguzi, akasafiri hadi Kongo ya Wabelgiji na baadaye Ethiopia, ambako aliwauguza wagonjwa wa ukoma.